Pikipiki ya safari ndefu haitaki injini ya mbio

Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, lakini wazee hao hawakuwahi kuketi juu ya pikipiki kutoka Nairobi hadi Moyale. Kwa mwendo wa karibu kilomita 780, jembe ni lazima lichaguliwe. Na siku hizi wachaguzi ni wengi. Likizo ikikaribia, hasa ya Pasaka na ile ya Desemba, nenda Kirinyaga Road uwaone vijana kwa wazee wakiulizia pistoni kubwa, ekzosi yenye mngurumo wa simba, na vile visanduku vidogo vya kuidanganya kompyuta ya injini. Zamani pikipiki ilikuwa ya tarishi, ya bwana shamba na ya askari. Leo hii kuna familia inayoifanya chombo cha matembezi: mume mbele, mke nyuma, mizigo kwenye masanduku ya pembeni, na watoto wameachwa kwa nyanya yao.

Msomaji, nikiulizwa jinsi ya kuongeza nguvu za injini kwa ajili ya safari ya aina hiyo, huwa nauliza maswali matatu kabla ya kujibu. Unakwenda wapi? Utambeba nani? Na unataka kwenda kwa mwendo gani? Wengi hukasirika. Walitaka kutajiwa jina la kifaa na bei yake, basi.

Chukua mfano wa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Ana pikipiki ya Royal Enfield Himalayan, ile ya cc 411 iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2016. Kampuni hiyo ilianzia Uingereza na ikatoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901, lakini tangu 1955 zimekuwa zikiundwa pia India, katika mji wa Madras unaoitwa Chennai hivi sasa, na huko ndiko kulikobaki nyumbani kwake baada ya tawi la Uingereza kufa mwaka 1970. Himalayan ina silinda moja. Injini yake hupozwa kwa hewa na kusaidiwa na kipoza mafuta. Nguvu zake ni kama farasi 24 tu. Kwa kijana aliyezoea kusoma habari za pikipiki za Wajapani zenye farasi 150 na zaidi, hiyo ni aibu.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, shemeji alitoa karatasi mfukoni na kuikunjua mezani. Ilikuwa orodha. Silinda na pistoni za kuifikisha injini cc 462, vifaa ambavyo huuzwa Uingereza. Kamshafti mpya. Ekzosi mpya. Chujio la hewa la kupitisha hewa nyingi. Fedha walikuwa wameziweka pamoja, yeye na mkewe, mwaka mzima, kwa ajili ya safari ya kwenda Moyale na kurudi.

"Shemeji," akaniambia, "ile milima ya kule Timau pikipiki inachoka kabisa. Nikiwa na mizigo na huyu nyuma, lori linanipita."

Dada yangu akaivuta ile karatasi, akaisoma toka juu hadi chini, kisha akanigeukia. "Kaka, wewe ndiwe unayeandika mambo haya. Hebu nitafutie. Mimi niko wapi kwenye orodha hii?"

Shemeji alicheka, mimi sikucheka. Swali lile lilikuwa la maana kuliko vyote vilivyoandikwa pale, nami nitalirudia.

Kwanza tuzungumzie nguvu zenyewe. Injini ina nguvu za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna nguvu za farasi, zinazoamua utakimbia kiasi gani mwisho wa uwezo wako. Halafu kuna nguvu ya kuvuta, ile inayozungusha gurudumu hata injini ikiwa inazunguka polepole. Mwenye mbio hutafuta ya kwanza. Msafiri huishi kwa ya pili. Injini ya Himalayan ilibuniwa makusudi hivyo: pistoni husafiri milimita 86 ndani ya silinda yenye upana wa milimita 78, na nguvu yake kubwa ya kuvuta huja ikizunguka mara 4,000 hadi 4,500 kwa dakika. Zile farasi 24 hazionekani mpaka ifike mizunguko 6,500, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeishikilia injini pale toka asubuhi hadi jioni.

Sasa ile kamshafti ya kwenye orodha. Kamshafti ni mti wenye vinundu unaofungua na kufunga vali. Aghalabu zile zinazouzwa kwa wapenda mbio huzifungua vali kwa muda mrefu zaidi, na faida yake huonekana injini ikizunguka kwa kasi. Chini, pale msafiri anapohitaji kupanda mlima na mizigo, nguvu hupungua. Yaani shemeji alikuwa analipa ili mlima wa Timau uwe mgumu zaidi. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, akaomba kalamu, akaifuta.

Tuje kwenye silinda kubwa, maana hapo ndipo penye fedha. Kutoka cc 411 hadi 462 ni ongezeko la kama asilimia 12. Tukichukulia kwamba nguvu zitaongezeka kwa kadiri hiyo hiyo, utapata farasi watatu hivi. Farasi watatu si wa kudharauliwa. Lakini tazama jambo ambalo wauzaji wa ng'ambo hawana haja ya kukuambia, kwa kuwa wengi wao huishi karibu na usawa wa bahari. Hapa Nairobi tuko kiasi cha meta 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini huvuta hewa. Ikipata hewa pungufu, hutoa nguvu pungufu. Farasi 24 za kiwandani hapa kwetu ni kama 20. Ukipanda Timboroa, huko kwenye meta 2,700, umepoteza karibu robo. Kwa hivyo mkazi wa Nairobi anayepanua silinda kwa asilimia 12 hajanunua nguvu mpya. Amekomboa sehemu ya zile alizonyang'anywa na mwinuko wa nchi, na bado zote hazijarudi.

Je, kuzikomboa ni vibaya? La hasha. Ila uliza gharama yake mbali na bei. Silinda kubwa huchoma petroli zaidi na kutoa joto zaidi, na joto hilo linatakiwa kuondolewa na mapezi yale yale na kipoza mafuta kile kile kilichopimwa kwa injini ndogo. Mara nyingi pistoni hizo pia huongeza mgandamizo. Mgandamizo ukizidi, injini huchagua petroli, na ikipewa petroli duni hugonga kama mtu anayepiga nyundo bati. Jijini utachagua kituo. Lakini barabara ya Isiolo kwenda Marsabit ni kama kilomita 260, na toka Marsabit hadi Moyale ni 250 nyingine, na njiani unaweza kujikuta ukijaziwa petroli ya chupa iliyoanikwa juani tangu juzi. Hapo mgandamizo wa kiasi ni rafiki yako mkubwa.

Kisha kuna hesabu ya tangi. Himalayan hubeba lita 15. Ikienda kilomita 30 kwa lita, hiyo ni kilomita 450 kabla ya kukauka. Ikishuka hadi 25 kwa lita, umebakiwa na 375. Kilomita 75 za kusukuma pikipiki kwenye jua la Laisamis, mke wako akitembea nyuma na kofia mkononi, zinaweza kuleta maneno ambayo hata mzee wa kanisa hatayasuluhisha.

Kuhusu mwendo, kuna kanuni ya upepo ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ataifurahia. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa hupanda kwa mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 ni nyongeza ya robo tu ya mwendo, lakini nguvu za kupambana na hewa karibu zinakuwa mara mbili. Ndiyo maana farasi wawili watatu wa kuongeza hawasikiki barabarani kama mtu alivyotarajia. Na ukifika kaskazini utakutana na upepo wenyewe. Ile mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo iliyojengwa upande wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, haikuwekwa kule kwa bahati nasibu. Upepo ule ukikupiga kifuani, kurudi kilomita 80 kwa saa kutakusaidia kuliko pistoni yoyote. Kioo cha mbele kilichokaa vizuri kitakusaidia pia, ingawa hakuna anayekiita kifaa cha injini.

Wanaodhani kwamba mlima hushindwa kwa farasi tu, nawaomba watazame kule pikipiki hii ilikopata jina lake. Njia ya Khardung La katika milima ya Himalaya ina mwinuko wa meta 5,359. Hewa pale ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 40. Injini ya farasi 24 inabakiwa na kumi na kitu, na bado hupanda ikiwa na watu wawili. Inapandaje? Kwa gia. Gia ndogo huzidisha nguvu ya kuvuta kabla haijafika kwenye gurudumu, na mpandaji hukubali kwenda polepole.

Basi gia nazo zinaweza kubadilishwa, na hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwa kuwa ni rahisi na kinaweza kurudishwa. Namaanisha lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, mafundi wetu huliita sproketi ya mbele. Tuseme yako ina meno 15. Ukitia ya 16, injini iliyokuwa ikizunguka mara 5,000 kwa mwendo fulani sasa itazunguka kama 4,690 kwa mwendo ule ule. Itatulia, itapunguza mtetemo, itakunywa petroli kidogo zaidi ya hapo awali kwa maana ya kupunguza, si kuongeza. Kwa mtu anayesafiri peke yake kwenda Mombasa, kilomita 480 na ushei ambazo nyingi ni za kuteremka, hiyo ni raha tupu. Lakini kwa mwenye mke nyuma na masanduku mawili, anayelalamika kwamba Timau inamshinda, meno 16 ni dawa ya ugonjwa mwingine. Yeye abaki na 15, au hata ashuke hadi 14, akubali kelele kidogo kwenye tambarare. Umeona sasa kwa nini nauliza unakwenda wapi na nani?

Ekzosi na chujio la hewa nitavijadili pamoja kwa sababu makosa yake ni mamoja. Ukiifungulia injini mlango wa kutokea na wa kuingilia, hewa inaongezeka. Petroli nayo isipoongezwa kwa kipimo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali. Pikipiki za kisasa zenye kompyuta na sindano za petroli hujirekebisha kwa kiasi fulani tu. Kupita hapo, kompyuta yenyewe inahitaji kupimwa upya na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo, si mwenye sikio zuri pekee. Vile visanduku vya kudanganya kompyuta vinavyouzwa kwa kufungwa tu na kusahauliwa, mimi sivipendi. Tena ekzosi ya mngurumo inapendeza kwa dakika kumi mtaani. Baada ya saa nane barabarani, anayeketi nyuma ameumwa na kichwa na hataki kuongea na mtu. Na chujio la kupitisha hewa nyingi, lisipokuwa la hali ya juu, hupitisha vumbi pia. Vumbi ni msasa ndani ya silinda.

Wenye pikipiki za kabureta, na bado ziko tele, wana hatari ya kipekee inayotokana na jiografia ya nchi hii. Kabureta haijui uko wapi. Fundi wa Nairobi akiipunguza petroli ili ilingane na hewa yetu nyepesi, halafu wewe ukateremka nayo hadi Mombasa, hewa inazidi kuwa nzito huku petroli ikibaki ile ile. Kufika Voi injini inachemka, na mwenye haraka hufungua mafuta zaidi ili afike mapema. Pistoni nyingi hutobolewa hivyo. Tembea na jeti kubwa ya akiba na bisibisi, ubadilishe Mtito Andei wakati wa chai. Akitoka mtu wa Pwani kuja huku juu mambo ni kinyume: plagi inakuwa nyeusi tititi, pikipiki inakohoa na petroli inakwisha, ila haitamuua injini wake. Wa sindano za petroli hawana shida hiyo kwa kuwa kuna kipimo cha shinikizo la hewa ndani. Ikiwa unanunua pikipiki kwa ajili ya kuzunguka Kenya, sindano za petroli zenyewe ni hatua kubwa kuliko cc hamsini.

Sasa nirudi kwa dada yangu. Pikipiki ya karibu kilo 190, watu wawili wa kilo 150 kwa pamoja na mizigo ya kilo 40: hiyo ni kilo 380 zinazoteremka kutoka Timau kwenda Isiolo, mteremko wa zaidi ya meta 1,000 katika safari isiyofika hata saa mbili. Kupanda kwa shida ni kero, lori litakupita na utasahau. Kushuka kwa shida ni jambo jingine. Injini yenye nguvu zaidi haimsaidii anayeketi nyuma wakati ng'ombe wanapovuka barabara. Zinazomsaidia ni pedi mpya za breki, mafuta ya breki yasiyokaa miaka minne, tairi ambazo hazijakomaa kama mawe, na springi ya nyuma iliyokazwa kulingana na uzito wa watu wawili. Pia kofia inayomtosha yeye, si ile ya mume iliyojazwa kitambaa. Sheria inawataka wote wawili wawe na kofia na jaketi la kung'aa, na hairuhusu abiria zaidi ya mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mbele ya mumewe. Tukaipitia ile orodha upya. Silinda kubwa iliahirishwa, ekzosi ikafutwa, sproketi ya meno 14 ikaandikwa, na chini yake dada akaandika kwa mkono wake mwenyewe: breki, tairi, kofia, kiti. Sehemu iliyobaki ya fedha wakakubaliana iwe ya petroli na malazi, wasilazimike kukimbizana na giza. Shemeji hakufurahi sana siku ile, nisiseme uongo.

Kwa yule ambaye bado moyo wake uko kwenye nguvu, na fedha anazo, nina ushauri wa kihasibu. Jumlisha silinda, pistoni, gasketi, ushuru wa forodha, kazi ya fundi na kupima kompyuta, kisha uweke jumla hiyo kando ya tofauti ya bei kati ya pikipiki yako na iliyo kubwa kidogo. Mwaka 2023 Royal Enfield yenyewe ilitoa Himalayan mpya ya cc 452 inayopozwa kwa maji, yenye nguvu kama farasi 40. Hakuna fundi atakayeivusha ile ya zamani toka 24 hadi 40 na ikafika Moyale na kurudi. Wahandisi wa kiwanda wenyewe walipotaka nguvu hizo waliiacha injini ya zamani, wakaunda nyingine kuanzia mwanzo.

Ukiamua kupanua hata hivyo, usisahau makaratasi. Ukubwa wa injini umeandikwa kwenye kitabu cha usajili, na huenda kampuni ya bima iliutumia ilipokukatia. Waulize kwa maandishi kabla ya kufungua boliti ya kwanza. Jibu lao litunze. Kisha injini mpya ikishafungwa, usiende nayo Moyale wiki hiyo hiyo. Itembeze taratibu kilomita 500 hadi 1,000 karibu na nyumbani, Naivasha, Thika, Machakos, ukibadilisha mafuta mapema na kupima tena nafasi za vali injini ikiwa baridi.

Na kama hukununua chochote kabisa, kazi ya vali, plagi mpya, chujio safi na mafuta ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki zinaweza kurudisha nguvu ambazo ulidhani zimekufa. Mwingereza Ted Simon aliondoka kwao mwaka 1973 kwa Triumph ya cc 500, akapita hapa Kenya, akaizunguka dunia na kurejea 1977. Sehemu kubwa ya mbinu zake ilikuwa kuitengeneza injini aliyokuwa nayo.

Jumapili ijayo tutaangalia kofia za abiria: jinsi ya kuipima dukani, na kwa nini iliyowahi kuanguka chini haifai hata kama haina mkwaruzo.